Mseminari Aliyajuaje ya Bwenini? Maisha ya Kezilahabi na Dhamira za Rosa Mistika

Swali lililotusukuma kuandika makala haya liliulizwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye kwa kawaida hasemi darasani. Tulikuwa tumemaliza kueleza wasifu wa Euphrase Kezilahabi: kwamba alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwezi wa Aprili 1944; kwamba alisoma seminari ya Nyegezi, karibu na mji wa Mwanza; kwamba aliingia chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1967 na kuhitimu mwaka 1970; na kwamba riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Wenzake walikuwa wakinakili. Yeye aliweka kalamu mezani akauliza: "Mwalimu, kama huyu alikulia seminarini na wavulana watupu, mambo ya bweni la wasichana aliyajuaje?"

Darasa lilicheka. Sisi tulijibu neno fulani kuhusu ubunifu wa msanii na uwezo wake wa kuona yasiyoonekana, kisha muda wa kipindi ukatuokoa. Tulipokuwa tukiteremka mlima wa Nsambya kuelekea barabara ya Ggaba, tuliona kwamba hatukumjibu. Tulikuwa tumemtajia mwandishi mahali alipozaliwa na shule alizosoma, halafu alipotaka kujua mambo hayo yana kazi gani katika kitabu, tukamfungia mlango.

Kosa hili si letu peke yetu. Miongozo ya vitabu vya fasihi, ambayo wanafunzi wetu huisoma kabla ya vitabu vyenyewe (na wengine badala yake), huanza na kichwa kidogo kiitwacho "Wasifu wa Mwandishi". Aya moja, tarehe tatu au nne, orodha ya vitabu. Baada ya hapo mwandishi hupotea kabisa, na kazi inaendelea: muhtasari, dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika, matumizi ya lugha. Kwa upande mwingine wako wanafunzi ambao hugeuza ile aya moja kuwa ufunguo wa kila mlango. Katika karatasi za mitihani tunasoma kila mwaka sentensi ya aina hii: mwandishi alilelewa katika Ukatoliki, kwa hiyo riwaya yake inahusu dini. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haina msaada wowote. Waandishi wangapi wamelelewa katika Ukatoliki? Na ni wangapi walioandika Rosa Mistika?

Kwa faida ya wale ambao hawajakisoma kitabu, tueleze kwa ufupi. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina, wakazi wa Namagondo. Zakaria alikuwa mwalimu, sasa ni mlevi. Regina ndiye anayeibeba nyumba. Zakaria hataki kuona mvulana karibu na binti yake. Anapogundua kwamba kijana aitwaye Charles amemwandikia Rosa barua, anampiga kipigo ambacho msomaji hakisahau. Rosa anakwenda shule ya sekondari ya wasichana ya Rosary, Mwanza, akiwa hajui kuzungumza na mwanamume bila kutetemeka. Baadaye ulinzi ule unapolegea, anaanguka upande wa pili kwa kasi ile ile. Katika chuo cha ualimu Morogoro anakuwa msichana wa kila mtu, anatoa mimba, jina lake linaharibika. Anajaribu kutulia. Charles anarudi, wanakubaliana kuoana, lakini Charles anataka bikira. Anapotambua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Hata hivyo kitabu hakiishii kaburini: kinaendelea mpaka mbele ya Mungu, ambako lawama kati ya binti na baba inasikilizwa kama kesi.

Sasa turudi kwenye swali. Mseminari aliyajuaje?

Tunadhani swali lenyewe linachukulia kwamba mwandishi hutumia maisha yake kwa kunakili: aliona jambo, akaliandika. Kwa kipimo hicho Kezilahabi hakustahili kuandika juu ya Rosa hata kidogo. Lakini maisha huingia kitabuni kwa njia nyingine pia, na katika riwaya hii njia hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu. Kile ambacho mwandishi alikijua vizuri kuliko wengi ni hali ya kijana anayelindwa.

Tukumbuke seminari ndogo za miaka ya 1950 na 1960 zilivyokuwa. Mtoto aliingia akiwa mdogo sana, akatoka akiwa mtu mzima. Kila saa ilikuwa na kengele yake: ya kuamka, ya misa, ya masomo, ya kazi za mikono, ya kimya. Likizo zilikuwa na masharti. Urafiki na wasichana haukuwa kosa dogo la utovu wa adabu, ulikuwa sababu ya kurudishwa nyumbani. Na barua, jambo ambalo wazee waliopitia huko husimulia hadi leo, zilisomwa na wakubwa kabla hazijamfikia mwenyewe. Mwenye kulielewa hilo hashangai kwamba riwaya hii inaanzia kwenye barua. Zakaria anaposhika barua ya Charles mkononi, hatumwoni baba mlevi wa kijiji peke yake. Tunaona mamlaka yoyote inayoamini kwamba roho ya kijana ni mali yake, na kwamba kumpenda kijana ni kumfungulia barua zake.

Halafu mwaka 1967 kijana huyu wa seminari, mwenye umri wa miaka 22 au 23, anajikuta Dar es Salaam. Mwaka huo huo Azimio la Arusha lilitangazwa, na Elimu ya Kujitegemea ikafuata. Chuo alichoingia kilikuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, pamoja na Makerere yetu na Nairobi, mpaka muungano huo ulipovunjika mwaka 1970. Palikuwa na wasichana darasani. Palikuwa na dansi. Hapakuwa na kengele ya kimya. Hatuhitaji kujua alifanya nini huko, wala si kazi yetu kuuliza. Inatutosha kujua kwamba alipita kutoka kwenye ulinzi mkali hadi kwenye uhuru usio na mafunzo, na kwamba riwaya aliyoiandika wakati ule inahusu mtu anayepita njia hiyo hiyo na kuangamia. Rosa anatoka kwa Zakaria, anapita Rosary, anafika Morogoro. Badilisha majina ya vituo na jinsia ya msafiri, utaona ramani ni moja.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza kwa mwanafunzi wetu ni hili: bweni la wasichana aliliandika kwa kutumia bweni lake mwenyewe. Ndiyo maana sehemu za kitabu zinazohusu woga, aibu na kujificha zina ukweli ambao hata wanafunzi waliozaliwa miaka zaidi ya thelathini baada ya kitabu kuchapishwa wanautambua mara moja. Rosa asiyejua aweke wapi mikono yake mwanamume anapomsalimia: huyo hakubuniwa kwa mbali.

Majina nayo yanasema. Rosa Mistika ni sifa mojawapo ya Bikira Maria katika litania, na kila Mkatoliki aliyewahi kusali rozari mwezi wa Oktoba ameitamka au ameisikia. Regina ni malkia, jina jingine la Maria. Shule ya Rosa inaitwa Rosary. Wadogo zake ni Flora, Honorata, Stella, Sperantia na Emmanuel. Kati ya wanaume wa hadithi yumo Deogratias. Ni kama mwandishi ameichukua sala nzima akaitawanya katika familia moja ya kijijini, kisha akatazama kinachotokea. Shaaban Robert, ambaye Kezilahabi baadaye aliandika tasnifu ya uzamili juu yake, aliwapa wahusika majina ili tujue walivyo: Utubora ana utu bora, Adili ni mwadilifu. Kwa Kezilahabi jina halimwelezi mhusika, linamlemea. Binti anaitwa kwa sifa ya Bikira, na jamii nzima inamtazama kwa kipimo hicho, na Charles anamwacha kwa kipimo hicho hicho. Zakaria wa Injili alipigwa ububu kwa sababu hakuamini. Zakaria wa Namagondo hana bahati ya kuwa bubu.

Hapa Nsambya jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mlima huu walipewa mapadri wa Mill Hill waliofika mwaka 1895, na mwaka 1903 wakaja masista Wafransisko, miongoni mwao Mother Kevin, ambaye jina lake limo katika historia ya hospitali ya Nsambya na ya shule ya bweni ya wasichana ya Namagunga. Wanafunzi wetu wengi wamepitia shule za namna hiyo. Rosa kwa Kiganda ni Loza, Zakaria ni Zakaliya, na kila darasa lina Regina wake. Tulipoanza kukisoma kitabu hiki tuliogopa kwamba wanafunzi wangekiona ni cha mbali, cha Watanzania, cha zamani. Wiki ya pili mmoja alisema Namagondo kwa sikio lake ni kama kijiji cha nyumbani kwao upande wa Masaka. Ukerewe yenyewe imo katika ziwa letu hili hili. Wamisionari Waanglikana wawili waliokuwa wa kwanza kutumwa Buganda, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani humo mwezi wa Desemba 1877. Ziwa liliunganisha pwani hizi kabla ya mipaka kuzitenga, na kitabu chenyewe kilichapishwa na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na matawi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam mpaka Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977.

Kwa mwanafunzi wa Uganda lipo jambo jingine. Wengi wao walipolelewa walisikia Kiswahili kama lugha ya kambi: ya askari, ya kizuizi cha barabarani, ya amri. Nsambya ina kambi ya polisi ambayo watoto wake huongea Kiswahili tangu wakiwa wadogo, na wengine wetu tulijifunzia huko maneno ya kwanza. Kukisikia Kiswahili kikiwa mdomoni mwa mama anayemfariji binti aliyepigwa na baba yake ni ugunduzi kwao. Tumeona wanafunzi waliodharau somo wakiacha kulidharau kwa sababu ya kurasa hizo, na si kwa sababu ya katiba iliyorekebishwa mwaka 2005, wala ya uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022 kuhusu Kiswahili.

Lakini tusimpake mwandishi mafuta. Ikiwa maisha yake yanaeleza nguvu ya kitabu, yanaeleza pia udhaifu wake, na hapa ndipo miongozo yetu hunyamaza. Mwanafunzi aliyeuliza swali alikuwa na sehemu ya pili ya swali, ambayo kelele za wenzake ziliizima. Alitueleza baadaye ofisini. Alisema kwamba Rosa aliyefungiwa anamwamini kabisa, lakini Rosa aliyefunguliwa hamwamini. "Anabadilika kama taa," alisema. "Leo anaogopa, kesho anakwenda na kila mtu. Mbona hatuambiwi anaona nini yeye mwenyewe?"

Tumekisoma tena kitabu tukiwa na maneno hayo kichwani, na tunaona ana haki. Msimulizi, ambaye katika sehemu za mwanzo alikaa ndani ya woga wa Rosa, katika sehemu za Morogoro anarudi nyuma na kumtazama kutoka nje, kama wanavyomtazama wanaume. Tunapewa habari za mwili wake, za sifa yake, za wanaume waliopita. Mawazo yake tunapewa kidogo. Raha anayoipata, kama anaipata, haina maneno. Majuto yake yana maneno mengi. Na kutoa mimba, jambo ambalo lingeweza kubeba sura nzima, kunapita haraka kama hatua ya lazima katika kuporomoka. Hapo ndipo bweni la wavulana lilipokoma kumsaidia mwandishi. Alijua kufungiwa ni nini. Alijua pia wavulana husema nini juu ya msichana aliyefunguliwa. Msichana mwenyewe husema nini usiku akiwa peke yake, hilo hakulijua, au hakuthubutu kulikisia.

Kuna wanaomtetea kwa kusema kwamba riwaya ni ya mwaka 1971, na kwamba hata kuyataja mambo haya kwa Kiswahili wakati ule kulikuwa ushujaa. Ni kweli. Kitabu kiliwahi kuondolewa shuleni Tanzania kwa sababu ya yaliyomo, kabla ya kuruhusiwa tena na kufundishwa. Lakini ushujaa wa kutaja jambo na uwezo wa kulionyesha kutoka ndani ni vitu viwili. Tunaweza kuusifu wa kwanza bila kujidanganya kuhusu wa pili.

Aidha, hatukubali kwamba mwandishi anamhukumu Rosa. Wanafunzi wa kiume hupenda kuhitimisha hivyo, kwamba ujumbe wa kitabu ni wasichana wajitunze. Wasomao hivyo hawajafika kwenye kesi ya mwisho. Kama mwandishi angetaka mahubiri ya kawaida, angemzika Rosa na kufunga kitabu; kila mtu angeelewa. Badala yake mtu aliyesomea upadri anampandisha binti aliyejiua, ambaye kwa mafunzo ya siku zile hata mazishi ya kanisa asingeyapata, mpaka mbele ya Muumba, na huko anaacha swali la nani mwenye kosa libishaniwe. Seminari ilimpa mahakama hiyo. Aliitumia kumpa Rosa nafasi ya kusema, nafasi ambayo hakuipata Namagondo, Mwanza wala Morogoro. Kwa maoni yetu hapo ndipo maisha ya mwandishi na dhamira yake vinapokutana kwa kina kuliko mahali pengine popote: hakuiacha lugha ya dini aliyolelewa nayo, ila aliwakabidhi walioumizwa waitumie.

Kwamba suala hili halikumtoka linaonekana katika vitabu vilivyofuata. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anarudi kisiwani akiwa hana mahali pa kuweka elimu yake, na mwisho anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) Tumaini anatoka Ukerewe kuitafuta dunia, na dunia inammaliza. Vijana watatu, kisiwa kimoja, hakuna anayeweza kurudi nyumbani kuishi. Wahakiki wamezungumza sana juu ya udhanaishi na wanafalsafa wa Ulaya aliowasoma Kezilahabi, nao hawakukosea. Ila sisi tunadhani kisiwa kilitangulia falsafa. Mtu aliyetolewa Namagondo na masomo, akapelekwa Nyegezi, kisha Dar es Salaam, baadaye Wisconsin alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1985, na mwishowe Botswana alikofundisha tangu mwaka 1995, hakuhitaji kitabu cha Kifaransa kumweleza upweke ni nini.

Inafaa kukumbuka kwamba kisiwa hicho hicho kilimtoa Aniceti Kitereza, Mkatoliki mwenye masomo ya seminari kama yeye, aliyezaliwa mwaka 1896. Kitereza aliandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto kwa subira na mapenzi, na tafsiri yake ya Kiswahili ikatoka mwishoni mwa maisha yake. Kwake Ukerewe ni nyumba kamili ambayo msomaji anaombwa asiisahau. Kwa Kezilahabi, aliyekuja karibu miaka hamsini baadaye, ni mahali pa kuondokea. Hatujui jozi nyingine katika fasihi yetu inayoonyesha vizuri zaidi kwamba mahali pamoja na dini moja havimlazimishi mwandishi aandike jambo moja. Hapo ndipo ile sentensi ya mitihani, "alilelewa katika Ukatoliki, kwa hiyo", inapovunjika.

Tumeulizwa na wenzetu kama Rosa Mistika ni riwaya ya vijana kweli. Ikiwa maana yake ni kitabu kilichoandikwa kwa agizo la mchapishaji kwa ajili ya wanafunzi wa umri fulani, basi siyo. Lakini mhusika wake mkuu ni kijana, mwandishi alikuwa na miaka 27 kilipotoka, na kwa nusu karne wasomaji wake wengi wamekuwa watu wa miaka kumi na saba mpaka ishirini na miwili. Tukiweka pembeni yake Siku Njema ya Ken Walibora (1996), tofauti inatusikitisha kidogo. Kijana wa kiume wa Walibora anapoondoka Tanga kumtafuta baba yake hadi Kitale, safari inamkomaza. Rosa akiondoka nyumbani, safari inamuua. Waandishi wote wawili tuliwapoteza mwaka 2020, Kezilahabi mwezi wa Januari na Walibora mwezi wa Aprili, na tulipowafundisha pamoja mwaka uliofuata, wanafunzi wa kike ndio walioileta hoja hiyo, si sisi.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inafaa zaidi kulinganishwa. Maimuna naye amefungiwa ndani na baba mkali, Maksuudi, na yeye anapotoroka anaangukia mahali pabaya. Mazingira ni ya Zanzibar na Uislamu, si Ukerewe na Ukatoliki. Baba ni yule yule. Maimuna, hata hivyo, anabaki hai, anaolewa, na anapata kusema na baba yake uso kwa uso, hapa duniani. Rosa ilimbidi afe ndipo asikilizwe. Kwa nini mwandishi mmoja aliweza kuifikiria njia ya kurudi na mwingine hakuweza? Miaka tisa kati ya vitabu hivi viwili ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine inaweza kuwa kwamba Kezilahabi, alipokuwa akiandika, alikuwa bado karibu mno na lango la seminari.

Hatuwezi kumaliza bila kumtaja mzazi mmoja aliyetupigia simu muhula uliopita. Alikuwa ameona kitabu kwenye begi la binti yake, akakifungua katikati. "Mwalimu," alisema kwa Kiganda kilichochanganyika na Kiswahili, "mimi nalipa karo mtoto asome lugha, asisome umalaya." Tulimsikiliza. Si mlevi, si mkatili; ni fundi anayelipa karo ya watoto wanne, na anaogopa mji huu kwa sababu zinazoeleweka. Tulimwambia: "Ssebo, kitabu hiki kinamhusu baba aliyeogopa kama wewe." Tulimwomba akisome tangu mwanzo. Alisema Kiswahili chake hakifiki huko. Basi tukamwomba binti yake amsomee sura ya kwanza jioni moja, amfasirie.

Binti alituambia kwamba walifika mahali pa barua. Baba akamwambia aishie hapo kwa siku hiyo, akatoka nje. Jumapili, baada ya misa, alimwuliza kama yule msichana aliendelea na shule.